Kabla ya kulinganisha ada ya bima, tazama wanakuuliza nini

Chukua mfano wa mtu anayefunga nyumba na kwenda nchi ya mbali kwa miezi mitatu kumuuguza mzazi. Bima ya nyumba anayo, na kila mwaka huilipia kwa wakati. Bima ya safari anayo pia, ile ya mwaka mzima inayomruhusu kusafiri mara nyingi atakavyo. Wiki ya saba bomba la maji linapasuka juu ya dari na nyumba nzima inalowa. Siku chache baadaye yeye mwenyewe anateleza kwenye ngazi huko aliko na kuvunjika nyonga. Anapeleka madai mawili, yote yanakataliwa, na kila kampuni imefuata mkataba wake. Mkataba wa nyumba unasema nyumba ikikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, hasara ya maji, wizi na uharibifu wa makusudi hailipwi. Mkataba wa safari unaruhusu safari nyingi, lakini kila moja isizidi siku 31.

Hakuna aliyemdanganya mtu huyu. Aliuziwa mikataba miwili iliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyekaa nje ya kwake zaidi ya mwezi mmoja, na mwaka huo yeye hakuwa mtu wa namna hiyo. Idadi ya siku hutofautiana. Ipo mikataba ya nyumba inayokwenda hadi siku 60, na ya safari inayofika 45 au 90, lakini kikomo karibu kila mara kipo. Dawa nayo ilikuwepo. Angeomba nyongeza ya nyumba kukaa tupu, na angekata bima ya safari moja ndefu. Siku aliyolipa, hakuna aliyemuuliza anatarajia kuwa nje kwa muda gani.

Nalitilia mkazo swali hilo kwa sababu ushauri mwingi kuhusu bima huanzia kwenye ada: linganisha kampuni tatu, chagua ya bei nafuu yenye sifa nzuri. Kwa mtu mwenye nyumba ya kawaida na likizo ya wiki mbili, ushauri huo unatosha. Kwa mwenye nyumba ya paa la nyasi, mwenye moyo uliofanyiwa upasuaji, au anayekwenda kupanda milima mirefu, ushauri huo unapoteza watu. Kampuni inayoielewa hatari yako itakuhoji juu yake kwa undani, hata ikuchoshe. Isiyokuhoji haijaibeba hatari hiyo. Imekurudishia wewe kimyakimya kupitia vipengele vya mambo yasiyolipwa, na wepesi wa ada yake mara nyingi unatokana na hapo.

Hili halitokani na ubaya wa watu wa bima. Bima ya kawaida huuzwa kwa maelfu ya wateja bila yeyote kutazama nyumba ya mmojammoja. Ili ada iwe ndogo, kampuni inahitaji wateja wanaofanana, kwa hiyo inawatoa nje ya mkataba wale wasiofanana na wengine. Ina njia mbili za kuwatoa. Inaweza kuuliza mapema na kumkataa mtu, au inaweza kukaa kimya, kupokea ada yake miaka kumi, na kumtoa siku anapodai. Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa muuzaji na ni mbaya mno kwa mnunuzi.

Sheria imehangaika na jambo hili kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1766 jaji wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm. George Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza kwenye kisiwa cha Sumatra. Alikata bima ya kulipwa endapo ngome ingetekwa na adui kutoka Ulaya. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760, na Boehm, aliyeitoa bima hiyo, akakataa kulipa kwa hoja kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome. Mawakili huitaja kesi hii kuwa chimbuko la kanuni ya nia njema kabisa, ile inayomtaka mkata bima aeleze kila jambo la maana hata asipoulizwa. Kinachotajwa mara chache ni kwamba Carter alishinda. Mansfield aliona kuwa Boehm alijua anashughulika na gavana, alijua kwamba gavana hawezi kutangaza siri za ngome yake, na alijua kuwa anayekata bima ya namna hiyo anahofia kushambuliwa. Akijua yote hayo, alipokea ada bila kuuliza swali hata moja.

Waliofuata waliishika kanuni na kuisahau hukumu. Sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya mwaka 1906 iliweka mzigo wa kujieleza mabegani mwa mnunuzi, na msimamo huo ukaenea katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, ukatumika hata kwenye bima za nyumba na safari. Katika miaka ya karibuni mambo yameanza kurudi alipokuwa Mansfield. Ujerumani, kwa sheria mpya ya mikataba ya bima iliyoanza mwaka 2008, inamtaka mnunuzi ajibu yale aliyoulizwa na kampuni kwa maandishi. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2012, ikaanza kutumika 2013, inayomtaka mnunuzi wa kawaida awe mwangalifu tu asitoe majibu yasiyo ya kweli. Australia ikafuata mwelekeo huo mwaka 2021. Mahali ambapo sheria ya zamani bado ina nguvu, fomu fupi ni mtego: unaweza kujibu maswali yote matano kwa ukweli mtupu, kisha ukaambiwa ulificha la sita ambalo halikuwepo.

Tuitazame nyumba kwa karibu, na nitatumia paa la nyasi kwa sababu linaonyesha vizuri tofauti kati ya anayejua na asiyejua. Kwenye fomu ya kawaida paa lina visanduku viwili vitatu, na cha mwisho kimeandikwa “nyingine”. Unaweka alama, fomu inakubali, unalipa. Mtaalamu wa nyumba hizi hafiki kwenye bei kabla ya kujua nyasi zina umri gani, bomba la moshi limepanda kiasi gani juu ya paa, lilisafishwa lini, jiko linachoma kuni au la, nyaya za umeme zilikaguliwa mwaka gani na nani, na gari la zimamoto litapita wapi. Kila swali lina sababu. Moto ukishaingia kwenye nyasi hutambaa chini ya uso wa paa, na paa lenyewe limesukwa ili maji yateleze yasiingie ndani, kwa hiyo maji ya zimamoto nayo huteleza. Mara nyingi paa lote huondoka, na nyumba pamoja nalo. Mtu asiyelijua hilo hawezi kuipa hatari hiyo bei ya haki. Ataitoza kupita kiasi kwa woga, au ataitoza kidogo kisha alikatae dai.

Maswali hayo hayaishi siku ya kusaini. Hugeuka masharti. Ukisema bomba la moshi husafishwa kila mwaka, mkataba utakutaka uendelee kulisafisha kila mwaka, na mkadiria hasara atakapofika baada ya moto ataomba risiti. Nimeona watu wakilalamikia masharti ya namna hii kana kwamba ni hila. Mimi nayaona kuwa afadhali kuliko ukimya, maana sharti lililoandikwa unaweza kulitimiza na kulithibitisha.

Jambo jingine linalowaumiza wenye nyumba zisizo za kawaida ni thamani. Bei ya soko na gharama ya kujenga upya ni vitu viwili tofauti, na bima ya jengo hufuata gharama ya kujenga upya. Nyumba kuukuu ya mawe yaliyochongwa kwa mkono inaweza kuuzika kwa bei ndogo lakini kuijenga tena kwa mawe yaleyale na mafundi wanaoyajua ikagharimu mara mbili ya bei hiyo. Mwenye nyumba akiikatia bima kwa bei ya soko, anakutana na kanuni ya uwiano. Tuseme amekata bima kwa asilimia 60 ya gharama halisi ya kuijenga. Moto ukiteketeza jiko peke yake, kampuni inayotumia kanuni hiyo italipa asilimia 60 ya hasara ya jiko, ingawa hasara yote ni ndogo sana kuliko kiasi alichokatia bima. Watu wengi hudhani upungufu wa bima unaonekana siku nyumba yote inapoteketea. Unaonekana hata kwenye hasara ndogo. Muuzaji wa bima ya nyumba ya pekee ambaye hakuulizi makadirio ya ujenzi yalifanywa na nani na lini, mwogope.

Vitu vya thamani vilivyomo ndani vina kikwazo chake: ukomo wa kila kitu kimoja. Mkataba unaweza kutaja jumla kubwa ya mali za ndani huku kifungu kimoja kikisema hakuna kitu kitakacholipwa zaidi ya sehemu ndogo ya jumla hiyo kisipoorodheshwa kwa jina. Fidla ya zamani, mkusanyiko wa saa au mchoro vinataka mkataba wa thamani iliyokubaliwa mapema, ambapo pande mbili zinapatana bei kabla ya hasara badala ya kuibishania baadaye. Anayefanyia biashara nyumbani, anayepangisha vyumba kwa wageni wa siku mbili, anayevunja kuta ili kukarabati: wote hawa wamebadilisha matumizi ya nyumba, na wote wanapaswa kusema kabla ya kuanza.

Kwenye safari uzito mkubwa uko kwenye afya. Neno la kuangalia ni “hali ya kiafya iliyokuwepo kabla”, na wasafiri wengi hulielewa kwa wembamba mno. Hudhani linahusu ugonjwa ulio na jina. Mikataba mingi huhesabu pia dalili ambayo bado inachunguzwa, rufaa ya kumwona daktari bingwa ambayo tarehe yake haijafika, na ugonjwa ambao umetulia kwa dawa. Mwenye shinikizo la damu lililotulia miaka mingi, anayejisikia mzima kabisa, naye yumo.

Kisha kuna kipindi kati ya kununua na kuondoka. Mtu ananunua bima mwezi wa kwanza, anasema yote kwa ukweli, anakubaliwa. Mwezi wa tatu daktari anampandishia dozi. Mwezi wa nne anasafiri. Mikataba mingi humtaka aripoti badiliko hilo kabla ya kuondoka, na asiporipoti, dai la moyo au la kiharusi linaingia kwenye mgogoro. Kampuni zinazohudumia wagonjwa hasa huuliza kwa mpangilio wa kitabibu: ulilazwa lini mara ya mwisho, dawa zimebadilika ndani ya miezi mingapi, unaweza kutembea umbali gani bila kusimama kupumzika. Yanachosha, na kwa mtu aliyetoka kwenye ugonjwa mzito yanaweza kuumiza. Hata hivyo majibu hayo ndiyo yanayomwezesha mgonjwa wa saratani aliyemaliza matibabu kupata bima badala ya kufungiwa mlango na kompyuta iliyosoma neno moja tu. Napenda kumwambia yeyote aliyekataliwa mara moja kwamba kukataliwa na kampuni ya kawaida hakumaanishi hakuna atakayekukubali. Kunamaanisha tu kwamba fomu ile haikuwa na nafasi yako.

Lipo pia jambo la jamaa asiyesafiri. Wengi huahirisha safari kwa sababu mzazi aliyebaki nyumbani amezidiwa. Kama mzazi huyo alikuwa mgonjwa tayari siku bima iliponunuliwa, mikataba mingi hailipi gharama za kuahirisha. Ni vigumu kuliona kwa sababu msafiri anajibu maswali kuhusu mwili wake mwenyewe. Kampuni makini humuuliza kuhusu jamaa zake wa karibu pia.

Kwenye shughuli za hatari tazama namba. Kutembea milimani mara nyingi kumo kwenye bima ya kawaida, lakini hadi urefu fulani, na vikomo vya mita 3,000 au 4,000 ni vya kawaida. Kambi ya chini ya Everest upande wa Nepal iko kwenye mita 5,364, kwa hiyo anayekwenda huko na bima ya “kutembea milimani” anaweza kuvuka mpaka wa mkataba siku kadhaa kabla ya kufika. Kupiga mbizi nako mara nyingi huishia mita 30, na mkataba hutaka uwe na cheti cha kina unachoshuka. Wapiga mbizi wana taasisi zao, kama Divers Alert Network iliyoanzishwa Marekani mwaka 1980, ambazo ziliibuka kwa sababu ajali ya mbizi inahitaji daktari anayeijua na chemba ya kutibia kwa shinikizo, mambo ambayo dawati la kawaida la bima halina. Kuhusu helikopta na ndege za wagonjwa, kumbuka kupiga simu ya dharura ya kampuni kabla ya kukubali kubebwa pale hali inaporuhusu; mikataba mingi haitambui gharama ya uokoaji ambayo haikuidhinishwa.

Hata msafiri asiyepanda wala kuzama anaweza kukutana na jambo ambalo mkataba haukulitaja. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ililipuka, majivu yakafunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa, na takriban safari 100,000 za ndege zikafutwa. Wasafiri wakageukia bima zao, na kampuni zikatofautiana. Nyingine zilihesabu majivu kuwa hali mbaya ya hewa, zikalipa. Nyingine zikasema majivu si hali ya hewa. Baada ya hapo baadhi ya mikataba ikaongeza kifungu kinachotaja majivu ya volkano waziwazi. Mwenye safari ghali isiyorudiwa, iwe ya meli au ya kwenda ncha ya dunia, asome orodha ya sababu zinazolipwa neno kwa neno. Sababu isiyotajwa huwa inaishia kwenye mabishano.

Sitaki kumsukuma kila mtu kwenye bima maalumu. Neno “maalumu” ni la tangazo, na yeyote anaweza kulichapa. Mara nyingi nyongeza ndogo kwenye mkataba ulionao inatosha, na kwa kitu unachoweza kukinunua tena bila kutetereka, bima haina maana. Ila hatari za ajabu za leo huwa za kawaida kesho pale tu mtu anapojifunza kuzipima. Bima ya wizi wa nyumbani ilikuwa jambo geni miaka ya 1880, wakati Cuthbert Heath alipoanza kuitoa katika soko la Lloyd's la London, lililozoea meli na shehena. Leo hakuna anayeiita maalumu.

Muulize muuzaji vilevile ni nani hasa atakayelipa. Majina mengi ya bima maalumu ni ya mawakala wanaouza kwa niaba ya kampuni nyingine, na jina la mwenye mfuko liko kwa herufi ndogo nyuma ya hati. Huko Marekani hatari zisizo za kawaida mara nyingi huchukuliwa na kampuni zisizo na leseni ya jimbo husika, kwa utaratibu halali, lakini zikifilisika, kwa kawaida mfuko wa dhamana wa jimbo hauwalipi wateja wake. Dalali wa bima anakutumikia wewe, wakala anaitumikia kampuni, na kwa jambo zito ningemtafuta dalali anayeshughulika na aina yako ya nyumba au safari kila siku.

Ukishapata mkataba unaoonekana kukufaa, andika barua pepe fupi ukitaja yale yanayokutofautisha na wengine: nyumba itakaa tupu kuanzia tarehe hii hadi ile, dozi imebadilika mwezi huu, nitapanda hadi mita 5,400. Omba jibu kwa maandishi kwamba mambo hayo yamo. Maneno ya simu hayatoshi, hata yakitoka kwa mtu mwema. Rudia zoezi hilo kila unapohuisha mkataba, kwa sababu hati mpya inaweza kuja na masharti yaliyobadilika ndani ya bahasha ileile.

Kwa wanaotunga sheria katika nchi ambazo mzigo bado uko kwa mnunuzi, ombi langu ni moja. Mnunuzi ajibu kwa ukweli yale aliyoulizwa, na kampuni iliyochagua kutouliza ipoteze haki ya kukataa kulipa kwa sababu ya jambo ambalo swali moja lingelifichua. Gavana wa Fort Marlborough alipewa haki hiyo mwaka 1766.